Kura Ni Mali au Ni Amana? Mapatano ya Wagombea juu ya Viti

Uchaguzi wowote wa viti kadhaa huacha kura ambazo hazikumfikisha mtu popote. Ziko alizopigiwa mgombea aliyeshindwa, na ziko alizopata mshindi kupita kiasi alichohitaji. Mifumo ya uchaguzi hutofautiana sana katika namna inavyozishughulikia kura hizo. Upo unaozitupa. Upo unaozimwaga katika kapu la chama na kuzigawa kwa hesabu. Upo unaomtaka mpiga kura aandike mwenyewe nani chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu, ili kura ihame kwa amri yake. Na uko unaomwachia mgombea kura alizopewa, akae na wenzake, wapatane nani amwachie nani, mpaka viti vijae.

Mfumo huu wa mwisho haujaandikwa katika sheria ya uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, mkazi wa Uvira, katika jimbo la Kivu ya Kusini, anaishi katikati ya mapatano ya namna hiyo: yanafanyika kabla ya kura, wagombea wanapotafuta orodha ya kusimamia, na yanafanyika baada ya kura, wabunge wa jimbo wanapomchagua liwali na maseneta kule Bukavu. Kwa hiyo kuuchambua mfumo wenyewe ni njia nzuri ya kuyaelewa mapatano yaliyopo, na kupima yapi yanamtumikia mpiga kura na yapi yanamwibia.

Asili ya wazo

Aliyeliweka wazo hili kwa maandishi yenye mpangilio alikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa chuo cha Christ Church, Oxford, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la kalamu la Lewis Carroll. Mwaka 1884, Uingereza ilipokuwa katika mjadala mkali wa kupanua haki ya kupiga kura na kuyapanga upya maeneo ya uchaguzi, alichapisha kijitabu kuhusu misingi ya uwakilishi bungeni. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Kila eneo liwe na viti kadhaa. Kila mpiga kura awe na kura moja, ampe mgombea mmoja. Anayefikia kiwango cha ushindi apate kiti. Wanaobaki waruhusiwe kuunganisha kura zao: mwenye ziada aigawe, na mwenye chache amwachie mwingine, kana kwamba kura ni mali yao.

Sababu aliyoitegemea Dodgson inahusu uwezo wa mpiga kura. Kumtaka raia apange majina kumi kwa mfuatano ni kumtaka awajue watu kumi, ilhali wengi wanamjua vizuri mmoja tu wanayemwamini. Basi aulizwe huyo mmoja tu, na mtu huyo aachiwe kazi ya kupima wengine. Mwaka 2004 mwanahisabati wa Marekani, Warren Smith, aliufufua mfumo huo na kuupa jina linalotokana na neno la mali au rasilimali. Katika toleo lake, mpiga kura anaweza pia kuigawanya kura yake kwa wagombea zaidi ya mmoja.

Kati ya wawili hao alipita William Gove wa Massachusetts, aliyetetea sharti moja kubwa katika miaka ya 1890: kila mgombea atangaze kabla ya siku ya kura majina ya watu ambao kura zake zitahamia endapo hatazihitaji. Mapatano yanakuwepo, lakini yanafanyika mapema na mpiga kura anayaona. Tofauti kati ya Dodgson na Gove, yaani kupatana baada ya kura au kabla, kwa siri au hadharani, ndiyo inayoamua kama mfumo huu ni mwema au ni mbaya.

Hesabu yake

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lina viti 4 na kura halali 80,000. Kiwango cha ushindi hupatikana kwa kugawanya kura kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha kuongeza kura moja: 80,000 kwa 5 ni 16,000, hivyo kiwango ni 16,001. Haiwezekani watu watano wote kukifikia.

Wagombea ni wanane. Wa kwanza ana kura 19,000, wa pili 17,000, wa tatu 12,500, wa nne 10,000, wa tano 8,000, wa sita 6,500, wa saba 4,000 na wa nane 3,000. Wawili wa mwanzo wamepita. Wa kwanza ana ziada ya 2,999, wa pili ana ziada ya 999. Viti viwili vimebaki, na mapatano yanaanza.

Wa tatu anahitaji 3,501. Akipewa 3,000 za wa nane na ziada ya 999 ya wa pili, anafika 16,499 na kupita. Kiti cha nne kinagombewa na wa nne na wa tano, na ufunguo uko mkononi mwa wa sita mwenye 6,500. Akimwachia wa nne, huyo anafika 16,500 na kiti ni chake. Akimwachia wa tano, na wa kwanza akiongeza ziada yake ya 2,999, wa tano anafika 17,499, na wa nne anabaki nje, hata akipewa 4,000 za wa saba, ingawa alimzidi wa tano kwa kura 2,000.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kura ya mgombea mdogo haikupotea: watu 6,500 waliomchagua wa sita wana neno katika kuamua nani awawakilishe. Pili, neno hilo linasemwa na mtu mmoja. Kama alimwachia wa nne kwa sababu wanakubaliana juu ya barabara na maji, wapiga kura wake wamefaidika. Kama alipewa bahasha, wameuzwa.

Orodha wazi: kura inayohama bila mazungumzo

Kongo inatumia mfumo mwingine. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006, pamoja na marekebisho yake ya 2011, 2015, 2017 na 2022, inaliweka kila jiji na kila wilaya kuwa eneo la uchaguzi wa wabunge wa taifa, isipokuwa Kinshasa iliyogawanywa. Penye kiti kimoja hushinda mwenye kura nyingi. Penye viti viwili au zaidi hutumika orodha wazi: mpiga kura anachagua mgombea mmoja, lakini kura yake inahesabiwa kwanza kwa orodha nzima ya chama au muungano wa vyama. Kura zote hugawanywa kwa idadi ya viti ili kupata kigawo. Orodha hupata kiti kwa kila kigawo kilichotimia, na viti vinavyobaki huenda kwa orodha zenye mabaki makubwa. Ndani ya orodha, kiti humwendea mwenye kura nyingi.

Hapa pia kura inahama kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine, ila hakuna anayeulizwa. Chukua eneo la viti 2 na kura 40,000, ambapo kigawo ni 20,000. Orodha moja ina mtu maarufu aliyepata 31,500 na mwenzake aliyepata 1,500; jumla 33,000. Orodha ya pili ina mgombea mmoja mwenye 7,000. Orodha ya kwanza inapata kiti kimoja kwa kigawo na kubakiwa na 13,000. Mabaki hayo yanazizidi 7,000, basi kiti cha pili kinamwendea mtu wa kura 1,500. Watu wengi wakiona matokeo ya aina hii hudhani ni wizi. Mara nyingine wizi upo. Mara nyingine ni hesabu tu ambayo hakuna aliyewaeleza.

Mgawanyiko wa wagombea unalizidisha tatizo. Mwaka 2006 waligombea zaidi ya watu 9,000 kwa viti 500 vya Bunge la Taifa. Mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 15,000. Mwaka 2023 zaidi ya 23,000. Katika eneo lenye majina mengi kiasi hicho, kura nyingi huishia kwa watu wasiopata kiti. Ni hali hasa ambayo Dodgson alitaka kuitibu.

Mapatano kabla ya kura

Marekebisho ya Desemba 2017 yaliongeza kizingiti: orodha isiyopata asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haigawiwi kiti katika Bunge la Taifa, na kwa mabaraza ya majimbo kizingiti ni asilimia 3 katika jimbo. Marekebisho ya 2022 yakaongeza sharti la kuingia: chama au muungano uwasilishe wagombea kwa walau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa.

Masharti hayo yalikusudiwa kupunguza utitiri wa vyama, na yamebadilisha namna mtu wa Uvira anavyogombea. Mtu anaweza kupendwa kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, akapata kura nyingi kuliko wote mjini, na bado akakosa kiti kwa sababu chama chake hakikufika asilimia 1 kwa hesabu ya Kongo nzima. Kwa hiyo kabla ya kampeni mgombea hutafuta muungano ambao utavuka kizingiti bila yeye, na muungano nao humtafuta mwenye kura nyingi za kuubeba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, vyama na miungano 44 ilivuka kizingiti cha taifa.

Mazungumzo ya kuingia katika orodha ni mapatano juu ya kura kabla hazijapigwa. Mgombea mdogo anaombwa asimame ili kuongeza mabaki ya orodha, akijua kwamba hatapita. Je, ameahidiwa nini? Ada ya kugombea kulipiwa, kazi ya ushauri, ujumbe katika ofisi ya waziri: hayo hujadiliwa faraghani, wala mpiga kura haambiwi kwamba jina analolichagua kijijini Sange au Luvungi limewekwa pale kumjazia mtu mwingine kapu. Katika hili orodha wazi ina kasoro kubwa kuliko mfumo wa Dodgson. Kwa Dodgson, mgombea mdogo anabaki na sauti baada ya kura. Katika orodha wazi ameitoa sauti hiyo siku alipotia sahihi.

Jambo hili lina uzito zaidi katika eneo la jamii nyingi. Wilaya ya Uvira ina usultani wa Bavira, wa Bafuliiru na wa Bonde la Ruzizi, na katika mji na milima yake wanaishi Bavira, Bafuliiru, Barundi, Banyamulenge, Babembe na wengine wengi. Jamii inayokaa kwa kutawanyika katika Uvira, Fizi na Mwenga, kama Banyamulenge, haina wingi katika eneo lolote kati ya hayo. Njia zake ni mbili: kupatana na wengine, au kudai eneo lake. Mgogoro wa komine ya Minembwe, iliyozinduliwa Septemba 2020 na kusimamishwa na Rais Félix Tshisekedi mwezi uliofuata, ulionyesha jinsi njia ya pili inavyowasha moto pande zote. Mfumo unaoruhusu kura zilizotawanyika kukusanywa kwa mapatano ya wazi ungelipunguza shinikizo la kukata mipaka mipya, kwa kuwa mgombea wa jamii ndogo angekuwa na kitu cha kuleta mezani bila kuhitaji ardhi ya mtu.

Mapatano baada ya kura: barabara ya Bukavu

Katiba ya Februari 2006 inawapa wabunge wa majimbo kazi mbili za kuchagua: maseneta, kwa kifungu cha 104, na liwali pamoja na naibu wake, kwa kifungu cha 198. Tangu nchi ilipogawanywa katika majimbo 26 mwaka 2015, kila jimbo huchagua maseneta 4 na Kinshasa 8, jumla 108. Hapo kura ya mkazi wa Uvira inapanda barabara ya Kamanyola na milima ya Ngomo hadi Bukavu, mikononi mwa mbunge wa jimbo aliyemchagua, na kule inageuka kuwa kitu cha kujadiliwa.

Kimuundo, mbunge wa jimbo yuko katika hali ileile ya mgombea wa Dodgson: amebeba kura za watu na anapatana na wenzake nani apate kiti. Tikiti ya liwali na naibu yenyewe huwa ni mapatano. Katika Kivu ya Kusini wagombea hujaribu kuoanisha mtu wa upande wa Bukavu na mtu wa upande wa Uvira na Fizi, ili kila upande ujione serikalini.

Tofauti ni mbili. Kwanza, kila mbunge wa jimbo ana kura moja, awe alichaguliwa na watu 2,000 au 15,000. Uzito wa waliomtuma umefutwa. Pili, kura yake ni ya siri. Siri inamlinda raia dhidi ya bosi, jirani na askari. Kwa mjumbe aliyepewa dhamana na wengine, siri ileile inamficha asionwe na waliomtuma.

Matokeo yalionekana mapema. Januari 2007, katika Bas-Congo na Kinshasa, wagombea wa upinzani walishindwa uliwali ingawa upande wao ulikuwa na wabunge wengi katika mabaraza yote mawili. Tuhuma za kununua kura zilitanda. Bas-Congo wafuasi wa kundi la Bundu dia Kongo, ambao kiongozi wao alikuwa mgombea wa unaibu liwali, walitoka barabarani, na zaidi ya watu 100 wakauawa katika ukandamizaji uliofuata. Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta wa tarehe 14, chama cha rais, UDPS, hakikupata hata seneta mmoja Kinshasa ingawa kilikuwa na wabunge katika baraza la jiji. Tuhuma za hongo zilikuwa nzito kiasi kwamba Rais Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta na kuahirisha uchaguzi wa maliwali.

Idadi ndogo ya wapiga kura ndiyo inayofanya ununuzi uwezekane. Kuwahonga watu elfu kumi wa mtaa wa Mulongwe, Uvira, ni kazi ngumu, na hakuna uhakika watafanya nini wakiwa peke yao kituoni. Kuhonga wajumbe ishirini katika hoteli moja kunahitaji usiku mmoja.

Wanaoingia bila kupigiwa kura

Katika kila baraza la jimbo, kifungu cha 197 cha Katiba kinaruhusu sehemu isiyozidi moja ya kumi ya wajumbe kuingia kwa kuteuliwa miongoni mwa machifu wa jadi. Bami na machifu hukaa na kupatana nani awawakilishe. Kiti kinajazwa kwa mazungumzo matupu, bila kura ya raia nyuma yake, na mteule huyo hushiriki kumchagua liwali sawa na mwingine.

Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi imechagua njia tofauti ya kuwahakikishia viti jamii zote. Kufuatia makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, katiba ya 2005 iliweka asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi katika Bunge, pamoja na wajumbe 3 wa Batwa, na uwiano usipopatikana katika masanduku hukamilishwa kwa kuteua. Njia hiyo inatoa uhakika ambao mapatano hayawezi kutoa. Gharama yake ni kwamba kila mgombea lazima ahesabiwe kwa kabila lake, na uwiano haubadiliki watu wakibadilika.

Kupatana bila kanuni

Sheria isipotoa nafasi ya kupatana, wanasiasa hupatana nje ya sheria. Uchaguzi wa rais wa 2006 ulikuwa na awamu mbili. Katika ya kwanza Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03 na Antoine Gizenga 13.06. Gizenga alitia sahihi mapatano ya kumuunga mkono Kabila, Kabila akashinda kwa asilimia 58.05, na Gizenga akateuliwa waziri mkuu mwisho wa mwaka. Mapatano yale yalikuwa na sifa moja njema: yalitangazwa kabla ya awamu ya pili, na mfuasi wa Gizenga aliyeyakataa aliweza kwenda kituoni na kumpigia Bemba. Kura ilirudi kwa mwenyewe ili aidhinishe au akatae.

Januari 2011 Katiba ilirekebishwa na awamu ya pili ikafutwa. Tangu hapo upinzani unalazimika kupatana kabla ya kura. Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi saba walikutana Geneva na kumchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja; siku iliyofuata Tshisekedi na Vital Kamerhe wa Kivu ya Kusini waliondoa sahihi zao, na tarehe 23 wakapatana wao wawili Nairobi. Baada ya uchaguzi, Tshisekedi akiwa rais na kambi ya Kabila ikiwa na wingi bungeni, yalikuja mapatano ya muungano wa FCC ya Kabila na CACH ya Tshisekedi. Mpiga kura hakuombwa ridhaa, wala hati kamili haikuwekwa mbele yake. Serikali ilichukua miezi saba kuundwa, na muungano ukavunjika Desemba 2020.

Mafunzo ya Unguja, Nairobi na mbali zaidi

Zanzibar ilipitia mtihani huu mwaka 1961. Katika uchaguzi wa Januari wa viti 22, kati ya vyama vitatu, ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Watu watatu wa ZPPP wakawa na ufunguo wa serikali. Wawili walikwenda ZNP, mmoja akaenda ASP, na hesabu ikawa 11 kwa 11. Ilibidi uchaguzi urudiwe Juni, baada ya kuongezwa kiti cha 23. Safari hii ZNP na ZPPP walisimama kama washirika. ASP na ZNP walipata 10 kila mmoja, ZPPP 3, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa waziri kiongozi. Ghasia za mwezi huo ziliua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikabaki kwa washirika wale wawili. Miezi sita baadaye yalikuja Mapinduzi ya Januari 1964. Mapatano ya wachache wenye ufunguo yalikuwa halali kisheria, ila yalijengwa juu ya viti visivyolingana na kura, na waliokuwa wengi hawakuyaona kuwa haki.

Kenya inafundisha jambo jingine. Oktoba 2002 vyama vya NAK na LDP vilitia sahihi hati ya maelewano ya kugawana madaraka, vikaunda NARC, na Mwai Kibaki akashinda kwa kishindo Desemba. Baada ya ushindi, upande wa LDP ulilalamika kwamba hati haikuheshimiwa. Hakuna mahakama iliyoweza kuitekeleza, na muungano ulifika kura ya maoni ya Novemba 2005 ukiwa pande mbili zinazopingana. Anayetoa kura kwanza na kungoja malipo baadaye hana la kushika mkononi.

Australia ndiyo nchi iliyokaribia zaidi kuweka mapatano ya namna hii ndani ya sheria. Kuanzia 1984 hadi 2016, mpiga kura wa Seneti aliweza kuweka alama moja tu kwa chama, na chama kiamue kura ihamie wapi kwa mfuatano kilioupeleka mapema tume ya uchaguzi. Kwa maandishi, hilo ni pendekezo la Gove. Lakini vyama vidogo vilijifunza kubadilishana kura kwa hesabu tu, bila kujali msimamo. Mwaka 2013 Ricky Muir, mgombea wa chama cha wapenda magari, alipata kiti cha Victoria akiwa ameanza na takriban nusu ya asilimia moja ya kura za kwanza. Orodha zilikuwa wazi kwa kila mtu, ila zilikuwa ndefu na zilizosukwa kiasi kwamba karibu hakuna aliyezisoma. Kuweka hati hadharani hakutoshi kama mwananchi wa kawaida hawezi kuielewa.

Faida, hatari na masharti

Pamoja na mifano hiyo, mfumo wa wagombea kupatana una uzuri wake. Karatasi ya kura inabaki nyepesi, jambo lenye maana mahali ambapo majina ya wagombea hujaza kurasa. Kura ya mdogo haitupwi. Jamii iliyotawanyika inapata njia ya kuhesabika. Na wanasiasa wanalazimika kuzungumza na mtu wa upande mwingine, kwa sababu kura zake zinahitajika.

Hatari zake nazo ni wazi. Kura zikiwa mikononi mwa wachache, zina bei. Mwenye ufunguo hupata kupita uzito wake. Ahadi hazina mdhamini. Mpiga kura aliyemkabidhi mtu mmoja anaweza kujikuta amemsaidia yule aliyempinga.

Hatari hizo zinapungua kwa masharti yanayojulikana. Mgombea atangaze kabla ya kura watu wasiozidi wawili au watatu ambao kura zake zinaweza kuwaendea, na majina hayo yabandikwe mlangoni mwa kila kituo. Idadi iwe ndogo ili isomeke. Kuhamisha kura kufanyike katika kikao cha wazi mbele ya tume ya uchaguzi ya Kongo (CENI), waangalizi na redio za mji, kila mgombea akitamka kwa kinywa chake idadi anayotoa na anayempa. Kikao kiwe na siku moja ya mwisho, maana mazungumzo marefu hugeuka soko. Mpiga kura awe na haki ya kuweka alama kwamba kura yake isihame. Na wajumbe wanaochagua kwa niaba ya wengine, kama wabunge wa jimbo wanapomchagua seneta au liwali, wapige kura kwa kutaja jina waziwazi. Sharti hili la mwisho ndilo lenye manufaa ya haraka kuliko yote kwa Kivu ya Kusini, kwa kuwa linahitaji kubadili utaratibu wa kupiga kura peke yake, bila kuugusa mfumo mzima.

Waliotetea mfumo huu huko Oxford na Marekani waliiita kura mali ya mgombea. Kiswahili kina neno linaloitoshea zaidi hali yenyewe: amana. Mwenye amana anaweza kuipeleka mbele kwa niaba ya aliyemkabidhi, lakini haiuzi, haifichi, na akiulizwa iko wapi anajibu. Mfumo wowote wa uchaguzi unaowaruhusu wagombea kupatana juu ya kura unafaa kukubaliwa kwa kadiri unavyowalazimisha kutoa jibu hilo mbele ya watu. Ule unaowaruhusu kunyamaza, kama unaotumika sasa kuchagua maliwali na maseneta wa Kongo, unafaa kubadilishwa.